Mawe ya Redio ya Baba Mkwe

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka moyo hunienda mbio hadi leo. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza ikisikiliza redio ndogo ya mkono, na ndani ya redio hiyo mlikuwa na betri mbili nilizozileta mimi. Lakini nisikurushe. Mimina chai ingali moto, nikuanzie mwanzo.

Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujaisha. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, mume wangu Kibet ni Mnandi wa Cheptiret, na tulikuwa tumepanga nyumba hapa mtaani West Indies ili tuwe karibu na kazi. Yeye alikuwa fundi wa magari, mimi karani katika duka la vifaa vya umeme mjini. Baba yake, Mzee Sitienei, alikuwa amepofuka kwa presha ya macho. Mama mkwe alikuwa amefariki zamani, kwa hivyo tukamchukua mzee akae nasi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Ila mimi sikujua mgeni katika nyumba ile alikuwa yeye au mimi. Kinandi sikukijua, na kwa Kiswahili aliniambia maneno machache tu. Nikimpa chakula alisema, "Asante, mama," kisha akageukia redio yake. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa tu na la kuongea.

Redio ndiyo iliyokuwa macho yake. Aliiwasha kabla ya jogoo wa jirani na kuizima wakati wa kulala. Habari, mahubiri, matangazo ya vifo, bei ya mahindi, na zaidi ya yote, riadha. Binti yake wa mwisho, Jerop, alikuwa mkimbiaji aliyefanya mazoezi kule Timboroa penye baridi na hewa nyepesi, na mzee aliwajua wakimbiaji wote kwa majina kama unavyowajua binamu zako.

Shida ilikuwa mawe. Ndivyo tulivyoziita betri, mawe ya redio, na yale ya kawaida hayakumaliza wiki mikononi mwa mzee yule. Sauti ilianza kupungua polepole, naye akaisogeza redio sikioni. Ikipungua zaidi, aliyatoa mawe, akayang'ata kwa magego, akayaanika dirishani kwenye jua. Yalirudi na pumzi kidogo, kisha yakafa kabisa. Hapo mzee aliketi ameelekea ukutani, mikono juu ya magoti. Hakuomba mengine. Hilo ndilo lililonichoma, mwanangu. Mtu mzima aliyelea ng'ombe na watoto, akiona haya kuomba mawe ya redio.

Pale dukani, mama aliyekuwa mwajiri wangu alitumia betri za kuchaji kwenye tochi yake na kwenye saa ya ukutani. Nilimwona akizichomoa, akizichaji, akizirudisha, mwezi baada ya mwezi, na ni zile zile. Siku moja nikanunua nne pale pale, nikazibeba nyumbani pamoja na chaja.

Kibet alicheka. "Nekesa, hizo ni za wapiga picha. Zitaimba leo na kesho, halafu zikuwe za watoto kuchezea."

Mzee alizichukua, akazipima kiganjani. "Ni nzito kuliko zile zingine," alisema. Akazigeuza, akatafuta vichwa vyake kwa kidole gumba. "Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Hayo ya zamani usitupe kwanza."

Sikuyatupa. Nilichaji zile mpya mpaka taa ya chaja ikabadilika kutoka nyekundu kuwa kijani, nikazitia mbili redioni, nikaenda kazini. Jioni nilikuta inaongea. Kesho yake inaongea. Siku iliyofuata mzee aliinua kichwa niliposalimia, na badala ya "asante" yake ya kila siku akasema, "Hii sauti haizeeki."

Na kweli, haikuzeeka. Mtu asiyeona ana masikio ya kupimia, naye ndiye aliyeligundua kabla yangu: mawe ya kawaida hupungua nguvu tangu unapoyatia, lakini haya yalisema kwa sauti ile ile asubuhi na jioni. Kisha, siku moja katikati ya matangazo ya vifo, kimya. Hata kukoroma hakuna.

"Imekata!" mzee aliita. "Na nilikuwa nasikiza mtu wa Kaptagat!"

Nilikimbia nikazitia zile mbili zingine zilizokuwa tayari, redio ikarudi kabla tangazo halijaisha. Hapo tukaelewa tabia yake. Betri ya kuchaji haikuagi. Inakufanyia kazi kwa nguvu zake zote, halafu inamaliza mara moja. Ni juu yako kuwa na nyingine karibu.

Kuanzia hapo mzee aliichukua kazi hiyo yeye mwenyewe. Zilizojaa alizitia mfuko wa kulia wa koti, zilizoisha mfuko wa kushoto. Jioni nikifika mlangoni aliita, "Msichana wangu, za kushoto zimeshikwa na njaa." Msichana wangu! Sikumbuki siku gani hasa alianza kuniita hivyo. Nikichomeka chaja tuliongea. Alinifunza maneno ya Kinandi na kucheka ulimi wangu, nami nikamsimulia habari za tohara za Bungoma, naye akataka kujua kila kitu, hata rangi ya ng'ombe wanaochinjwa.

Sikudanganyi kwamba betri zile zilikuwa malaika. Niliwahi kununua nyingine nikazitia kwenye tochi, nikaifungia kabatini miezi mingi, na siku niliyoihitaji haikuwaka. Za siku hizo zilivuja nguvu zikikaa bure. Za sasa zimeboreshwa, unaweza kuziweka muda mrefu na bado ukazikuta zina uhai. Na Kibet naye, siku moja kwa haraka zake, alitia redioni moja ya kuchaji na moja ya kawaida. Redio ikasema kidogo ikanyamaza. Mzee alizitoa, akazipapasa, akajua.

"Kibet," alisema kwa upole, "umewahi kuona mimi nikifunga ng'ombe wawili wasiolingana kwenye jembe moja?"

"Hapana, Baba."

"Mbona hapa unafunga?"

Kibet, mume wa mdomo mrefu, alinyoosha mkono apewe mwenzake wa ile ya kuchaji. Tangu siku hiyo hakuzicheka tena.

Sasa tufike kwenye ile Jumapili. Jerop alikuwa amepata nafasi ya kukimbia marathoni Ulaya, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Majirani wa ploti, wapangaji wenzetu wa ua mmoja, walikuwa wamepanga kutazama kwenye televisheni ya nyumba ya mwisho. Jumamosi jioni, stima ikapotea, umeme ukazimika mtaa mzima. Tulipoamka ilikuwa haijarudi. Niliangalia chaja: zile mbili nilizochomeka zilikuwa hazijala chochote. Zilizokuwa redioni zilikuwa zimeongea tangu Ijumaa.

Nilimwambia mzee ukweli. "Baba, sijui zimebaki na nini. Tuzime mpaka mbio zianze."

Aliizima. Hakwenda hata kanisani asubuhi ile. Aliketi nayo mapajani kama mtu anayelinda yai. Tuliporudi kutoka ibada ya kwanza, majirani walianza kuingia na viti vyao. Kibet aliondoka kwenda mbali kutafuta mawe ya kawaida, maana maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa.

Mzee akawasha. Sauti ikatoka nzima, safi. Mtangazaji alitaja majina ya walioko mstarini, na jina la Jerop likapita miongoni mwao. Jirani mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamnyamazisha. Kisha mbio zikaanza, na jina lile halikutajwa tena. Wa mbele walitajwa, wakatajwa tena. Jerop, hakuna. Niliona kidole cha mzee kikisugua ukingo wa redio.

Kibet alirudi anahema, mawe mkononi. "Baba, lete nibadilishe haraka."

Mzee akaifunika redio kwa kiganja. "Wacha."

"Baba, hizo hazitoi taarifa! Zitakata tu. Wewe mwenyewe ndiye ulisema."

"Najua nilisema. Lakini bado inaongea vizuri. Ukifungua sasa na jina lipite, nani ataniambia?" Kisha akageuza uso kuelekea nilipokuwa. "Msichana wangu, zilichajiwa sawa?"

"Mpaka taa ya kijani, Baba."

"Basi tungoje nazo."

Kwa hivyo tukangoja. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikiwa nimeshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Kila mtangazaji alipovuta pumzi nilidhani ndiyo imekata. Wa mbele wakaanza kupungua, mmoja akashika mguu, mwingine akaachwa. Ndipo yule bwana akasema kuna msichana anakuja kutoka nyuma, mgeni huyu, nani huyu, akatafuta karatasi zake, akalitaja: Jerop! Nyumba ikalipuka. Mzee akainua mkono, tukanyamaza. Jerop akampita wa nne. Akampita wa tatu, akampita na wa pili. Wakaingia barabara ya mwisho, na aliyekuwa mbele alikuwa mbali mno. Jerop akamaliza wa pili.

"Amefika?" mzee aliuliza, kana kwamba hakusikia.

"Amefika, Baba," Kibet alisema, machozi yakimtoka. "Wa pili!"

"Sikuuliza wa ngapi. Amefika mzima?"

Redio ikamjibu yeye mwenyewe. Walimpa Jerop kipaza sauti, akiwa bado anahema, akaanza kwa salamu ya Kinandi, "Chamgei watu wa nyumbani. Baba, najua unanisikia. Nimefika."

Mzee aliinamisha kichwa juu ya redio na mabega yake yakatikisika. Redio iliendelea kuongea, ikasoma matokeo ya wanaume, ikaingia kwenye kipindi cha nyimbo, na katikati ya wimbo wa pili ikakata. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee alifungua kifuniko, akazitoa zile mbili, akanitafuta kwa mkono mpaka akaupata wangu, akaziweka ndani na kukifunga kiganja changu. Akawaambia majirani, "Huyu ndiye aliyeona kwamba mimi sisikii." Siku hiyo, mwanangu, ndiyo niliyoolewa kweli katika nyumba ile.

Alizitumia miaka mingi, zile zile nne. Mwishowe zilichoka, zikawa hazimalizi hata asubuhi, tukanunua zingine kwani kila kitu kina mwisho wake. Lakini nikifikiria jinsi nilivyokuwa nikitupa mawe yaliyokufa shimoni, na jinsi hizi zilivyoamka kila jioni zikaenda tena kazini, naziheshimu. Hadi leo mashine yangu ya kupima presha inazitumia, na haijawahi kuniangusha.

Basi sikia ninachokuambia. Kitu kipya usikicheke kabla hujakipa siku zake, wala usikisifu kabla hujaijua tabia yake. Kinachokutumikia kila siku kitunze: kichaji kwa wakati, kiweke na wenzake wanaolingana, uwe na akiba kabla hujaihitaji. Na kubwa kuliko hayo, mzee aliye nyumbani kwako mtazame. Hatakuomba. Atageukia ukuta tu. Ukiona amegeuka, usingoje aseme. Pengine anachokosa ni kitu kinachoenea kiganjani.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe nyumba yenye sauti za watu, wakwe wakuite mtoto wao, na wanaotoka mlangoni mwako kwenda mbali wote wafike salama. Amina.