Namba Nilizomwandikia Mke Mwenzangu

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina, ila umri wangu uuache: nina miaka sabini na tisa. Nilisomea ualimu na kufundisha miaka mingi upande wa Kenya, nikastaafu, nikafungua duka la unga na nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Sasa moyo wangu umechoka, na daktari amenieleza bila kuficha. Wengi humu mnaleta habari za wapenzi. Mimi naleta wivu wa mwanamke mzee, na sina muda wa kuupamba.

Mume wetu alikuwa na wake wawili. Mimi wa kwanza, niliyesoma. Wa pili nitamwita Athieno. Alikuja kutoka kijijini Petta akiwa hajamaliza hata darasa la tatu, nikamshika mkono nikamfundisha kuandika jina lake. Ndiyo maana ananiita Mwalimu hadi leo. Nilimpenda kwa sababu alikuwa chini yangu. Hilo nimelijua juzi tu, nikiwa kitandani.

Yeye alilima wimbi na mihogo, akasaga, mimi nikauza dukani. Kisha binti yake akamnunulia simu kubwa. Athieno akaanza kujirekodi akikoroga uji, akicheka na kuchanganya lugha zote za mpakani, na watu wakampenda. Oda zikaja kutoka Eldoret, Nakuru, Nairobi. Mtu analipa kwa simu, unga unavuka mpaka kwa boda, unapanda basi, na kule unakofika, mwenyewe anapigiwa simu kwa namba iliyoandikwa juu ya mfuko, aje auchukue. Athieno hana duka, hana kibao mlangoni.

Kwangu watu waliingia wakauliza, "Mama, wewe ndiye Mama Uji wa kwenye simu?" Nikisema siye, wanatoka. Mmoja alipiga picha unga wangu, akalinganisha bei na ya Athieno mbele ya macho yangu, akaniambia, "Pole, mama." Pole hiyo iliniuma kuliko tusi. Nyumbani nako mume wetu, Mungu amrehemu, alishinda uani kwa Athieno akitazama video zake. "Mwalimu, njoo umwone mwenzako anaongea na Nairobi nzima!" Nilimjibu kwamba nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.

Siku moja Athieno akaja na lundo la mifuko. "Mwalimu, saidia mimi. Mkono yangu si mzuri, watu ya basi wanashindwa kusoma. Mimi nasoma namba, wewe unaandika."

Tukaketi. Yeye alisoma kwenye simu, mimi nikaandika juu ya mifuko kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Huku kwetu kila mtu ana laini mbili; namba za Kenya zinaanza na 254, za Uganda 256. Katikati ya kusoma uliingia ujumbe wa mteja, Athieno akaucheka mpaka akashika mbavu. "Ati huyu anataka kuoa mimi kwa sababu ya uji!" Wakati anacheka, niliandika 256 badala ya 254. Nikauweka mfuko huo kando, nikavuta mwingine. Wiki iliyofuata nikaharibu mifuko mitatu, baadaye zaidi. Nilijua hakuna atakayenishuku, maana kosa hilo hapa hufanywa kila siku.

Unga ukafika na wenyewe hawakupigiwa. Wakaanza kuandika chini ya video zake. "Msitume doo, huyu mama ni tapeli!" "Mimi nimengoja uji mpaka mtoto ameota meno." Nilivaa miwani nikayasoma maoni yote, na siku hiyo nilikula nikashiba.

Baadaye mifuko ilirudishwa ikiwa na wadudu. Athieno akaniletea mfuko mmoja, akaweka kidole juu ya namba. "Mwalimu, ona. Hii ni ya Uganda. Mimi nilisoma vibaya, sivyo? Ndiyo shida ya kukosa shule."

Nikamjibu neno moja: "Pengine."

Aliuza mbuzi wake akawarudishia watu hela zao, akaufuta ukurasa. Mimi nilingoja wateja warudi dukani. Hawakurudi. Walikuwa wamepata wengine wa kuagiza kwao kwa simu, na mwaka huo huo nilifunga duka.

Mume wetu amekwisha kufa. Watoto wangu wako mbali, hupiga simu. Anayeniogesha ni Athieno. Anayeninywesha uji kwa kijiko, wa wimbi lile lile, ni Athieno. Na niseme ukweli wote: hata leo, majirani wakija kunijulia hali wakaishia kucheka naye jikoni, kifua changu kinabana, na si kwa ugonjwa.

Jana aliingia na mifuko mipya. Binti yake amemshawishi aanze tena. Akaniwekea kalamu mkononi, halafu simu yenyewe. "Safari hii soma mwenyewe, Mwalimu. Mimi siamini macho yangu tena. Wewe ndiye sijawahi kuona ukikosea."

Nimemwambia nimechoka, tufanye kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo. Nasikia anasaga kule nje.

Nikimwambia, huenda akaondoka, nife bila mtu wa kunigeuza kitandani. Huenda pia asiondoke, aendelee kuninywesha huku akijua, na hilo naliogopa zaidi. Nikinyamaza, nitaandika namba zote sawasawa na kuzikwa nikiwa Mwalimu, naye atabaki akiamini hadi kufa kwamba macho yake ndiyo yaliyomwangusha.

Mlio wadogo kwangu, na nyinyi mnaouza humu kwenye simu, niambieni la kufanya. Msiniandikie kesho. Kinu kimenyamaza, nasikia anakuja.