Mzigo wa Mama Korongo

Mama anayetuongoza korongoni ana sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya mto. Kabla hajakanyaga jiwe hulipiga teke kwanza, maana mawe haya yaliyotemwa na volkano humeguka kama mkate mkavu. Tukifika kwenye maporomoko ya maji, yeye huyapa kisogo na kututazama sisi nyusoni.

Kwenye maporomoko ya mwisho njia ilikuwa ukingo mwembamba unaoteleza, na mzee mmoja wa kundi letu akagoma. "Mimi sivuki, mwanangu." Mama hakumbembeleza. Alivua begi lake akampa. "Baba, nibebee, mgongo unaniuma. Ila lisilowe, tafadhali." Mzee akavuka amelikumbatia kama mtoto mchanga, macho yote kwenye begi, bonde kalisahau. Alipofika ng'ambo akalifungua: tupu!

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikaikumbuka chupa ya chai ya Mama, ile aliyoniomba nimshikie kwenye maporomoko ya kwanza, pale nilipoanza kung'ang'ania mwamba. Nikaitikisa sikioni. Kimya.