Niliweka linear actuator kwenye komeo la mlango wa mama Kilwa, sasa simu yangu imenyamaza

Wakuu, heshima zenu.

Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe. Atakayebisha nitamtumia picha ya waya zangu zilivyokaa ovyo, acheke.

Mimi nipo Dar, fundi redio na TV, na muda wa ziada nachezea board za umeme na servo, zile mota ndogo zinazotii amri. Mama yupo Kilwa Masoko. Alianguka akavunjika nyonga, tangu hapo ni wa kitandani. Anasuka mikeka hapo hapo alipo.

Anaishi na mpwa wangu Mwanaidi, ambaye kutwa yuko Nangurukuru anauza chakula. Akiondoka alikuwa anapiga kufuli kwa nje.

Msimlaumu. Siku aliyoacha mlango wazi, mbuzi wa jirani waliingia wakatafuna ukili wote wa mkeka wa watu, mama anawafukuza kwa mdomo tu.

Sasa wageni wakipiga hodi, wanaongea na mama mlango ukiwa katikati, utadhani wamekuja kumwona mahabusu. Mama yangu huyu, ambaye hajawahi kula peke yake. Iliniuma sana.

Nikaagiza linear actuator ya servo. Kwa wasioijua, ni kijiti cha chuma kinachotoka na kurudi. Ukikiambia sogea milimita arobaini, kinasogea hapo na kung'ang'ania. Nikakifunga kwenye komeo la ndani, nikaweka board na kirauta cha intaneti cha laini ya simu. Kufuli la nje tukaachana nalo.

Mgeni akipiga hodi, mama ananibipu. Mimi nabonyeza simu nikiwa Dar, komeo linafunguka.

Jamani, ilikuwa raha. Mara tano, sita kwa siku. Nampigia, shikamoo mama, marahaba, ananiambia nani yuko mlangoni. Bi Zuhura wa nyumba ya pili kaleta pweza. Shangazi katoka Songo Mnara na habari za msiba. Miaka tisa niko huku, sijawahi kuwa karibu na nyumbani vile.

Masika ikaingia. Mbao zikavimba, komeo likakaza. Servo haijui kukata tamaa, ikasukuma mpaka mota ikaungua. Bi Zuhura alikataa kumwacha, akasimama kwenye mvua mpaka Mwanaidi aliporudi wakausukuma mlango kwa mabega, mama ndani analia kwa aibu.

Kwa hiyo mafundi wenzangu, wekeni kinga ya kukata umeme ikikwama. Mimi nilijifanya mjuaji.

Nikaenda Kilwa kwa siku moja. Nikauranda mlango, nikafunga actuator mpya yenye hiyo kinga, na kitufe kikubwa kando ya kitanda. Afungue mwenyewe, asitegemee mtandao wala mimi. Kesho yake alfajiri nikageuza, kazi zinanisubiri.

Kitufe kinafanya kazi vizuri mno. Shida ndiyo hiyo.

Simu haikuita tena. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nikipiga mimi, nasikia vicheko, mama anasema ana wageni, atanipigia. Hapigi. Nipo mezani na soldering iron, naitazama simu kama mtu aliyeachwa na mchumba. Nimemmisi mama mpaka najishangaa, mtu mzima na ndevu zangu.

Juzi nikamwambia, kama utani, kwamba nakuja kuking'oa hicho kitufe ili arudi kunibipu.

Akasema taratibu:

"Mwanangu, ulikuja ukalitazama komeo kutwa nzima. Mimi hukunitazama."

Kweli kabisa. Hata chai aliyoagiza nichemshiwe niliinywa nimesimama, bisibisi mkononi, naye kitandani ananiangalia. Nilidhani anaiangalia kazi yangu.

Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, akaniuliza nitakuja lini. Nikasema Ijumaa, na nitakaa wiki nzima. Sanduku la vifaa linabaki Dar.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa namkimbilia mama kwa vifaa kwa sababu vifaa navijua. Kukaa tu naye nimesahau kunaanzaje, na naogopa kidogo.

Nyinyi mliowaacha wazee Kusini, mara ya mwisho kukaa nao bila kutengeneza chochote ilikuwa lini? Semeni tu, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.