Mwalimu Wangu Kwenye Foleni ya Chimwaga

Ofisi za serikali zilipokuwa zinahamia Dodoma, kazi zilikuwa nyingi kuliko vumbi la mwezi wa nane. Ukitoka nje kunyoosha mgongo, ukirudi unakuta watu sita wanakusubiri: huyu anataka nyaya za mtandao zivutwe ghorofa ya tatu, yule anataka tovuti, mwingine printa yake imegoma na bosi yuko njiani. Mwaka mmoja mzima sikuketi chini. Mke wangu anasema mwaka huo ulikuwa wiki mbili, lakini yeye hesabu zake ni za kwake.

Tulikuwa mafundi wawili wa kompyuta wa kujitegemea, hatuna mwajiri, tunaishi kwa mikataba ya mwezi huu na mwezi ujao. Tulipanga fremu moja ya duka mtaa wa Majengo, yenye meza mbili na feni moja iliyokuwa inamgeukia mwenzangu zaidi kuliko mimi.

Mwenzangu huyo alikuwa mwalimu wangu. Mimi kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, cheti jioni, stashahada jioni. Jua la darasani silijui. Mchana nilikuwa tarishi, nabeba mafaili ya watu, na jioni naingia kwenye darasa la kompyuta alilokuwa akifundisha kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Siku ya kwanza aliniambia, "Peleka mausi juu," nami nikainyanyua hewani kama mtu anayeapa mahakamani. Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Aliushika mkono wangu akaurudisha mezani taratibu, akausukuma mbele. Nilipomaliza stashahada akaniambia niache kubeba mafaili ya watu, nikafanye kazi naye.

Nilimwita Mwalimu siku zote, na yeye aliniita Injinia kwa kejeli. Yeye Mhehe, mimi Mgogo wa Kongwa, kwa hiyo tulikuwa watani na matusi yalikuwa halali yetu. Wateja wakiuliza huyu kijana ana elimu gani, anajibu, "Huyu ni Mgogo, kasomea kompyuta ili aweze kuomba kwa barua pepe." Nami nawaambia wafunge mbwa wao kabla Mhehe hajaingia getini na njaa yake. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana miaka yote.

Kisha kazi zikaanza kupungua. Ofisi zikaajiri watu wao, mifumo ikaunganishwa ikawa inaendeshwa kutoka sehemu moja, na ule mfumo mdogo wa kutunza kumbukumbu tulioujenga kwa miezi minne ukazimwa kwa barua ya mistari mitatu. Tukabaki na shule, nyumba za wageni, maduka ya dawa. Hao nao wakaanza kuzungumza na simu zao, na simu zikawafanyia kazi zetu.

Namkumbuka mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Area C, mteja wetu wa muda mrefu. Alikuja akiwa na furaha, akaiweka simu juu ya meza.

"Wanangu, ile tovuti msihangaike tena. Nimeitengeneza mwenyewe jana, nimekaa jikoni napika."

Mwalimu akaitazama kwa makini, akasogeza juu, akasogeza chini. "Mama, humu pana bwawa la kuogelea."

"Ndiyo."

"Wewe huna bwawa."

"Sina. Lakini limependeza."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye akacheka. Alipoondoka, Mwalimu akaikunja ile karatasi ya mkataba tuliyokuwa tumemwandalia, akaifanya feni ya kujipepea.

Baada ya hapo tulikuwa tunafungua fremu asubuhi, tunafagia, tunakaa. Muuza chai alikuwa anatuletea vikombe viwili bila kuulizwa, akawa anaanza kuleta saa tatu badala ya saa nne, kwa maana alishaona kuwa hatuna cha kutukatiza.

Hapo lazima nieleze habari ya sanduku. Nyumbani kwa Mwalimu, Nkuhungu, kulikuwa na mchwa ambao sijawahi kuwaona duniani. Walikula fremu ya mlango, wakala albamu ya harusi yake wakambakiza yeye peke yake na shela la bibi harusi. Kwa hiyo vyeti vyake alivihamishia ofisini, ndani ya sanduku la chuma, nami nikaweka vyangu humo humo. Sanduku lilikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakukuwa na haja ya kuuficha. Nani angeiba vyeti vya watu wasio na kazi?

Likatoka tangazo la ajira. Taasisi moja ilihitaji wasaidizi wa TEHAMA wachache, na mwisho wa umri ulikuwa miaka arobaini na mitano. Mwalimu alikuwa na arobaini na minne na miezi kadhaa. Mimi nilikuwa na thelathini na sita. Tulilisoma wote wawili, kila mmoja kwenye simu yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Unaweza kuuliza kwa nini. Kwa sababu kwa miaka yote tulikuwa tunawacheka walioajiriwa. Mwalimu alikuwa anawaita watu wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Sasa utaanzaje kumwambia mtu kama huyo kwamba umeomba nafasi ya kuomba ruhusa? Yeye naye, nimekuja kujua baadaye, aliona aibu vile vile. Na zaidi ya aibu, kila mmoja alifikiri akiondoka atamwacha mwenzake peke yake na kodi ya fremu na ile feni.

Tulipoitwa kwenye usaili, nikamwambia nakwenda Kongwa kumwona mama, nitalala huko. Akaniambia vizuri, maana na yeye siku hiyo atakuwa Msalato, kuna mtu anataka kufungiwa kamera. Nilifurahi kwamba amepata kazi. Jioni alipotoka kwenda kununua vocha, nikafungua sanduku haraka haraka, nikachukua vyeti vyangu, nikafunga. Nilisikia hatua zake mlangoni. Nikautia ufunguo mfukoni, nikaaga, nikaondoka.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa ukumbi wa Chimwaga kwenye usaili. Kwa nafasi zile chache walikuwa wamekuja watu wa nchi nzima, na wengine nadhani walitoka nchi jirani wakapitia. Suruali zilizopigwa pasi, bahasha za kaki, mabegi ya safari. Dada mmoja mbele yangu alitoka Bukoba kwa basi na alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana bila kujua. Simu yangu ikaita. Nikaitazama: Mwalimu.

Sikupokea. Nilitakiwa niwe Kongwa kwa mama, na nyuma yangu kulikuwa na kelele za watu elfu moja na kipaza sauti kinachosema wasailiwa washike vyeti halisi mkononi. Ikaita mara ya pili. Nikaizima sauti.

Baada ya nusu saa hivi, mtu akanigusa bega.

"Kumbe Kongwa siku hizi imehamia huku," alisema.

Nilipogeuka nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amevaa koti la suti la kahawia nililoliona mara moja tu, kwenye msiba wa baba yake. Nikamtazama, akanitazama, tukaanza kucheka mpaka dada wa Bukoba akageuka.

"Na kamera za Msalato?" nikamuuliza.

"Nimezifunga kwa mbali. Mgogo, sogea, niingie hapa mbele yako. Mkubwa anatangulia."

"Mhehe akikaa mbele nitaona nini?"

Watu wa nyuma yetu hawakulalamika, wakamwacha akaingia. Nilijisikia mwepesi sana. Nilifikiri, basi, siri imeisha, tutafanya mtihani wote, atakayepata amepata. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini kidogo:

"Tatizo langu ni cheti. Nilipita ofisini alfajiri, ufunguo haupo kwenye msumari. Nilidhani umeanguka, nimetafuta mpaka chini ya feni. Nilikupigia, nikajua uko njiani. Nina nakala hii yenye muhuri wa wakili, nitawaomba."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimevaa suruali ile ile ya jana. Wala sikuhitaji kuingiza mkono; niliusikia pajani.

Mbele yetu kulikuwa na watu kama arobaini. Kutoka Chimwaga mpaka Majengo kwa bodaboda, na kurudi, muda ulikuwa unatosha, kama angeondoka dakika ile. Nililijua hilo. Nimelipigia hesabu mara nyingi baadaye, lakini na pale pale nililipigia, sitaki kudanganya. Na kilichonifunga mdomo kilikuwa kitu kidogo mno: nikiutoa, atajua kwamba niliiona simu yake nikaiacha iite. Nikajiambia pengine nakala wataipokea. Nikajiambia wahakiki ni binadamu. Nikasema tu, "Watakuelewa, Mwalimu."

Foleni ikasogea. Alipofika mezani, mhakiki, mwanamke mpole mwenye miwani, akaigeuza nakala upande huu na upande ule.

"Baba, hapa tunahitaji cheti halisi. Sheria ndiyo hiyo. Nenda kakichukue, tunafunga saa mbili na nusu."

Ilikuwa saa mbili na dakika tano. Akasogea pembeni. Nikaingia mimi, nikatoa vyeti vyangu vyote vya jioni, vikakaguliwa, nikagongewa muhuri wa kuingia. Hapo ndipo nilipomfuata, nikautoa ufunguo, nikamwekea kiganjani.

Aliutazama, kisha akanitazama mimi kwa muda ambao hata mimi siwezi kuurefusha zaidi ya ulivyokuwa. Akageuka, akakimbilia bodaboda na lile koti lake.

Ndani ya ukumbi tulikaa kwa namba za foleni. Kiti mbele yangu kilibaki kitupu mpaka mwisho. Nilikuwa naandika huku nikitazama mgongo wa kiti. Kulikuwa na swali la kugawanya anwani za mtandao, lile alilonifundisha kwa kunichorea vyumba vya nyumba ya wageni ubaoni, na nililijibu lote bila kukosea.

Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa maua, karibu na geti, bahasha mapajani. Alikuwa amerudi saa tatu kasoro dakika kumi. Koti alikuwa amelivua.

"Wameuliza nini?" akasema.

Nikamtajia. Nilipofika kwenye lile swali akatikisa kichwa.

"Hilo umelipata."

"Nimelipata."

Wasailiwa walikuwa wanapita, wanasahihishana majibu.

"Asubuhi nilipokupigia ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Niliiona."

"Na ufunguo ulikumbuka lini kuwa unao?"

Ningeweza kudanganya kuwa ni wakati ule pale mezani. Lakini alikuwa mwalimu wangu. "Ulipoutaja," nikasema.

"Watu arobaini," alisema polepole, kama anayeandika ubaoni. Kisha akasimama. "Twende, jua linakuwa kali."

Tulitembea mpaka barabara kuu. Sikuwa nimezoea kutembea naye bila kutukanwa.

Majibu yalipotoka jina langu halikuwemo. Wala sikukaribia. Nilimwambia asubuhi, tukiwa tumekaa kila mmoja kwenye meza yake. "Pole," akasema. Miaka yote, nikianguka kutoka juu ya dari, nikiungua na chuma cha kulehemu, alikuwa anasema Mgogo haumii, ngozi yake ni ya ng'ombe. Siku ile alisema pole kama unavyomwambia mtu usiyemjua kwenye foleni ya benki. Mwezi uliofuata akatimiza arobaini na mitano. Mkewe alileta keki ofisini, tukala.

Mwisho wa mwaka akasema fremu haina maana tena. Alikuwa amepata kiwanja Msalato, atafuga kuku. Tuligawana vitu bila ubishi. Kila nilichokishika alisema chukua. Nikachukua koleo la kubania waya na kipima nyaya. Yeye akachukua dreli, sanduku la chuma na ngazi, maana banda litahitaji kuezekwa.

"Mwalimu," nikamwambia, "nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema, bila kuacha kuviringisha waya. "Ila siwezi kukaa humu nikautazama ule msumari kila siku. Wewe ungeweza?"

Nikamsaidia kutoa vitu nje. Ngazi ilikuwa ndefu mara tano kuliko bajaji aliyoikodi, tukaipitisha katikati, ikachungulia mbele kwa dereva na nyuma ikatokeza mpaka barabarani. Tukaifunga kwa waya wa mtandao, maana ndio uliokuwepo, mita nyingi mpya ambazo hakuna aliyezihitaji.

"Shika huko nyuma mpaka aondoke," Mwalimu akasema, akaingia, akakaa na sanduku mapajani.

Nikashika. Bajaji ikaanza kwenda polepole, nikawa natembea nayo nimeinyanyua ncha ya ngazi, nikipita mbele ya maduka ya watu waliotuzoea, mpaka ilipofika kwenye lami dereva akaongeza mwendo, nikaachia.