Alishuhudia Alivyomuua Mama Yangu, na Mama Nimekaa Naye Benchi Moja

Jumapili moja nilimsikia mwanaume akieleza kanisani, tena kwa kipaza sauti, jinsi alivyomuua mama yangu.

Mama yangu alikuwa pembeni yangu, anajipepea kwa bahasha ya sadaka.

Akanigeukia taratibu. "We mtoto, huyu si ndiye yule?"

Ndiye.

Ngoja nieleze vizuri. Mama ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, mapazia ya maofisini na majoho ya kwaya ya kanisa lile. Sisi hatusali pale. Siku hiyo tulipeleka majoho asubuhi, mke wa mchungaji akatung'ang'ania.

"Kaeni jamani! Leo kuna ushuhuda wa kutisha. Mtu alikuwa muuaji, Yesu akamkamata."

Mama akasema tukae kidogo apumzishe miguu. Mimi ni mtu wa aibu, mbele za watu nageuka bubu. Nikachagua benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.

Jamaa akapanda. Suti ya bluu, viatu vimechongoka kama mdomo wa ndege.

Mtaani tulimwita Nondo. Usidhani ni sifa. Alikuwa anaficha kipande cha nondo kwenye mguu wa suruali, basi akawa anatembea anapepesuka kama bata. Wenzake walikuwa wanavunja maduka. Yeye alikuwa anavizia akina mama.

Mama yangu aliviziwa naye uchochoroni, akitoka kupiga pasi nyumba ya wageni. Alimpiga nondo ya mkono, akabeba pasi, akatimua mbio.

Pasi ya mkaa. Hiyo ndiyo ngawira ya jambazi wetu.

Mfupa wa mama uliunga vibaya. Ule mkono mpaka leo umepinda, haukamui hata kitambaa cha mezani. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nikaweka daftari chini, nikashika beseni. Kila nikifua blanketi zito nilikuwa namkumbuka huyu mwanaume, na sikumkumbuka kwa sala.

Sasa eti yuko madhabahuni.

"Wapendwa!" Sauti imelowa machozi. "Mikono hii imemwaga damu! Nilimpiga yule mama mara moja tu. Akaanguka. Akaniangalia machoni, akasema, 'Mwanangu, nimekusamehe.' Halafu... akakata roho!"

Kanisa zima likaguna. Watu wakaanza kufuta macho.

Mama akanong'ona, "Mimi? Nimsamehe? Mimi nilimwambia, mwanaharamu mkubwa we, lete pasi yangu!"

Nikasonya. Mshonaji wa majoho alikuwa benchi la mbele yetu, akageuka amekunja uso.

"Nyamazeni, mnazuia upako." Kisha akashindwa kujizuia. "Mara ya kwanza aliposhuhudia alisema alimuumiza tu. Mara ya pili akawa amemlaza hospitali. Leo amemuua! Roho anazidi kumfunulia."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayesifia mtoto wa dada yake anavyokua.

Hapo nikauelewa mchezo wote. Kanisa lile dhambi ndogo haiitwi mbele. Nani atampigia vigelegele mwizi wa pasi? Aliyevunja mkono anasalimiwa mlangoni. Aliyeua anashonewa suti.

Mchungaji akachukua kipaza sauti. Akatangaza kwamba siku hiyohiyo wanamwekea Nondo mikono, awe mwinjilisti, azunguke miji yote na ushuhuda huo.

Mama akaacha kujipepea.

"Miaka yote hii," akasema, "nasubiri mtu mmoja tu aje aniambie samahani. Kumbe amenipita mlangoni, amekwenda kumwomba Mungu. Tena njiani amenizika."

"Mama, twende nyumbani."

"Nenda wewe. Wakishamwekea mikono nitakuwa maiti rasmi."

Akasimama. Akaanza kushuka katikati ya mabenchi, mkono wake uliopinda umetangulia. Nikamfuata. Wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kumzunguka Nondo.

"Samahani, baba mchungaji," mama akasema. "Mimi ndiye yule marehemu."

Wazee wakarudisha mikono.

Nondo akamtazama. Akamtazama tena. "Mama, mimi sikujui."

Hilo lilinichoma kuliko nondo yenyewe. Umemtangaza mtu kila Jumapili, umemliza mpaka mshonaji, na sura yake huijui!

Mama akamsogelea. Akanyanyua ule mkono, akausogeza chini ya pua ya jamaa.

Nondo akauangalia mkono. Midomo ikaanza kumcheza. Sura hakuijua, lakini kazi yake aliijua.

Mimi nikajua sasa ameumbuka. Kumbe sikumjua mchungaji! Yule baba ana akili nyepesi kuliko paka anayeanguka. Aliruka juu.

"AMEFUFUKA!"

Kinanda kikaripuka. Ngoma zikadaka. Watu wakagaragara. Mwanamke mmoja akamshika mama sketi, anataka apone mgongo.

"Nani amefufuka?" mama anapiga kelele. "Niacheni! Mimi sijafa!"

Nani amsikie? Hana kipaza sauti.

Mchungaji akamgeukia Nondo, jasho linamtiririka kwa furaha. "Sema, mtumishi! Waambie ulimwona akikata roho, na leo amesimama mbele yako! Sema!"

Kipaza sauti kikawekwa kidevuni kwake.

Nilimwangalia kwa dharau yangu yote. Nilijua atasema. Uongo umeshatafunwa na kanisa zima, kazi yake ni kumeza tu. Akimeza anapata miji yote. Akitema hana kitu.

Akakishika kipaza sauti. Akauangalia mkono wa mama.

"Hakufa," akasema.

"Sema kwa imani!"

"Hakufa, mchungaji. Nilimvunja mkono, nikaiba pasi. Sijawahi kuua mtu. Mimi nilikuwa kibaka."

Kinanda kikanyamaza.

"Pasi?" mshonaji akauliza kule nyuma, kama ametukanwa.

"Ya mkaa," Nondo akasema.

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Kumbe huyu wa kawaida tu!" Jamani, nimeona mengi, lakini sijawahi kuona watu wakikasirika kwa sababu mtu hajaua.

Kipaza sauti kikazimwa. Nondo akapiga magoti, akaongea kwa mdomo mtupu.

"Mama, ni mimi niliyekuvunja. Nisamehe."

Nikamtazama mama. Nikasubiri machozi, wakumbatiane, yale mambo yao.

"Nimekusikia," mama akasema. "Sasa mimi mkono sina, na mablanketi yapo. Kesho asubuhi ulizia kwa dobi, njoo ukamue. Na hiyo suti uivue."

Tukatoka. Njiani nikamwambia, "Yule atakuja siku kuku akiota meno."

"Tutamwangalia huyo kuku," mama akasema.

Kesho yake sijamaliza hata kuchota maji, mlango ukagongwa.

Nondo. Kandambili, fulana imetoboka kwapani. Suti ilikuwa ya kanisa, walikuwa wamemvua jana ileile, na wazee wakamwambia asubiri kwanza wamwombee. Alipokuwa muuaji walimkumbatia. Alipokuwa mwizi wa pasi hakuna aliyemsindikiza hata getini.

Akashika shuka, akalinyonga shingo.

"Taratibu," nikamwambia. "Unaliua. Au unataka la kushuhudia?"

Mama akanikata jicho. Nondo akainamisha kichwa, akalegeza mikono, akaanza upya.

Usidhani nimekuja kukwambia nampenda. Simpendi. Akichelewa namsonya, akifika mapema namsonya pia. Lakini anakuja. Hakuna kinanda, hakuna mtu anayepiga makofi, na sabuni imemchubua vidole.

Juzi mshonaji alipita kuulizia majoho, akamkuta. Akabetua midomo. "Bado umeokoka, ndugu?"

Nondo akafuta povu usoni. "Nimeanza hapa," akasema. "Kule nilikuwa natangaza tu."

Blanketi lililolowa halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnapindisha kila mtu upande wake. Zamani nilikuwa nafunga ncha moja kwenye nguzo, navuta peke yangu mpaka kiuno kinalia. Siku hizi upande wa pili anashika yeye. Tunatazamana, hatuongei, maji yanatoka.

Kazi inaisha mapema. Mchana nina nafasi, ndiyo maana nimeweza kukaa chini nikaandika haya.

Wewe unayesoma, siku mtu akisimama mbele yako akasema ameokoka, usimuulize alifanya dhambi kubwa kiasi gani. Muulize yule aliyemuumiza anakaa wapi. Kama hapajui, mwambie ashuke kwanza, aende akapige hodi.