Kilio cha Kabula na Kesi ya Makoye

Ukungu wa kijiji cha Kasokola bado umelala juu ya majani, na Makoye tayari yuko nyuma ya plau. Anawasemesha maksai wake polepole, kama anayebembeleza mtoto. Udongo unageuka, unatoa harufu ya mvua ya jana. Ukimtazama kwa mbali utadhani anaelea.

Shamba hili ni la Fabiani, jirani aliyekwenda kumripoti polisi.

"Bwana harusi, mstari umepinda," Fabiani anamwambia, akimpa kibuyu cha uji. "Mawazo yako Majengo."

"Ungepinda wewe kidogo siku ile ya polisi, nisingekuwa na mawazo."

Wanacheka wote wawili.

Nyie wasomaji, tegueni kitendawili hiki: analia njia nzima, na anakopelekwa ndiko anakotaka. Basi ni binti wa Kisukuma anayetoroshwa na mchumba wake. Wamepatana, lakini lazima apige yowe, la sivyo wenzake watasema alikuwa amechoka kwao. Fabiani ni Mfipa, desturi hiyo hakuijua. Jioni ile ya Agosti 1996 alimsikia Kabula akilia.

"Nilijua mtu anatekwa," anasema. "Ningekaa kimya?"

Polisi walipofika, Malale, baba yake Kabula, naye akasema binti yake kaibiwa. Sasa Makoye yuko nje kwa dhamana, na Kabula anakaa kwa shangazi yake Majengo.

Kumchukua mwanamke bila hiari yake ili umuoe, kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

"Mahakamani niliambiwa desturi haitanitetea," anasema Makoye. "Cha kunitetea ni kwamba Kabula alikubali. Na hilo mimi nikilisema peke yangu, nani ataamini?" Anatazama kipande alichokiacha kwenye shamba lake mwenyewe, kando ya kijito. "Pale nimemwekea. Anapenda karanga."

Huko Majengo, Kabula, mwenye miaka ishirini, anapepeta mchele. Akisema alikubali, atamwaibisha mbele ya watu baba yake, aliyewaambia polisi kwamba kaibiwa.

"Baba hataki nilitamke," anasema kwa sauti ndogo. "Hata nikiwa macho naota niko mbele ya hakimu. Midomo inatembea, sauti haitoki."

Pumba zinapeperuka, zinang'aa juani. Anazifuata kwa macho mpaka zinapotea.

"Jumatatu, siku ya kesi, sauti itatoka. Nitasema nilimngoja mwenyewe kisimani, nguo zangu nimeshazifunga. Baba akininunia, mwakani nitampelekea mjukuu. Tuone kama atamnunia na yeye."