Kiti cha Mwenye Nyumba, Kinindo

Niliporudi Bujumbura na diploma ya uchoraji wa majengo, ambayo niliisomea Dar es Salaam nikijilipia mwenyewe kwa kushona mapazia ya watu, vita vilikuwa bado vinaendelea na hakuna aliyekuwa anajenga. Wenzangu wenye vyeti walikaa mtaani Ngagara wakingoja wizara iwaite. Mimi sikungoja. Nilimwendea mama mmoja wa mjini aliyekuwa akipamba nyumba za watu, ambaye wote tulimwita Madamu, nikamwonyesha diploma. Aliitazama, akanirudishia.

"Sawa. Utakuja na mi kwa bateja. Utakaa, utanyamaza."

Kukaa ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Madamu hakuanza na rangi wala vitambaa. Tulipokaribishwa sebuleni, yeye alibaki amesimama akisifu picha za ukutani, na mimi nilitakiwa kukaa vibaya: niende moja kwa moja kwenye kiti ambacho mgeni hapaswi kukigusa. Kisha tulitazama nani anashtuka. Hapo tulijua nyumba ni ya nani na inaogopa nini. Chuoni hawakunifundisha hili, na nililishika haraka kuliko yeyote aliyewahi kupita kwa Madamu. Yeye mwenyewe alisema hivyo.

Siku moja tuliitwa mtaa wa Kinindo kwa mjane. Mume wake alikuwa ameuawa njiani akitoka safari, kama watu walivyokuwa wakiuawa njiani, na hatukuuliza zaidi. Alitaka sebule itengenezwe kabla ya matanga makubwa, yale ya kumaliza msiba baada ya mwaka, ambapo ukoo mzima hukaa na kusema nani atabaki na nini. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwepo. Nilikwenda nikaketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu kilichotazama mlango. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na koti la kiume.

"We mudada, simama apo," shemeji akasema. "Iyo kiti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, bwana?" Madamu akauliza, macho bado kwenye picha.

"Siku ya matanga mutamuona."

Koti lilikuwa lake; akalichukua, akatoka. Tulisikia gari likiondoka. Mjane hakulia. Alitueleza kwa sauti ya mtu anayetaja bei za sokoni: wakimkalisha shemeji kwenye kile kiti cha marehemu mbele ya watu, basi yeye ndiye baba wa nyumba. Mjane na watoto watarudishwa kwao mlimani, na kwao kulikuwa kumeshachomwa.

"Basi tuiondoe," Madamu akasema.

"Niiondoe? Watasema nimemutupa mutoto wao na msiba haujaisha."

Milio ya bunduki ilianza upande wa milimani. Madamu alipandisha sauti kidogo, kama mtu anavyofanya mvua ikipiga bati, akaendelea kusema habari za upana wa madirisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchora. Sikuomba ruhusa.

"Tusiiondoe," nikasema. "Tuifananishe na zingine."

Fundi wa sofa angekata mgongo wa kiti kile ulingane na migongo ya vile vingine vitano. Vyote vingevishwa kitambaa kimoja na kupangwa mviringo, viwili vikitazama mlango, hata kimoja kisikae peke yake.

"Eh! Leo diploma inasema!" Madamu alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanirushia utepe wa kupimia. "Pima."

Siku ya matanga tulialikwa. Shemeji aliingia akiutangulia ukoo, koti mkononi, akasimama katikati ya zulia.

"Kiti ya mukubwa iko wapi?"

"Iko apa, shemeji," mjane akajibu. "Hatukutupa kitu. Zote tumezivalisha sababu ya wageni. Karibu."

Alivitazama kimoja kimoja. Wazee waliojiandaa kumkalisha walibanana nyuma yake, wasijue wampeleke wapi. Shangazi wa marehemu, mwanamke mnene aliyekuwa ndani ya basi tangu asubuhi, akampita na kujitupa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"We kaa popote, mwanangu. Miguu inaniuma na chakula inapoa."

Watu walicheka, wakakaa. Msemaji wa ukoo alingoja kidogo shemeji apate mahali, kisha akaona haya kuendelea kungoja, akaacha habari ya kumkalisha mtu, akarukia habari za watoto: watabaki na mama yao, katika nyumba ya baba yao. Pombe ikazungushwa. Shemeji alikunywa amesimama.

Nimepamba nyumba nyingi tangu hapo, za mabalozi pia, na sijachora kitu kilichofanya kazi kubwa kuliko viti vile sita. Lakini siku ile sikusikia furaha. Nilisikia njaa, na saa ya kukatazwa kutembea ilikuwa inakaribia.

Wageni walipotoka, mjane alizunguka akigusa migongo ya viti.

"Ya baba watoto ni gani?"

Nilimwonyesha. Aliketi, akasogea huku na huku, akaishika mikono ya kiti.

"Apana," akasema. "Sisikii kitu."

Akainuka, akaenda kuwaita watoto waje kula wali uliobaki. Mimi na Madamu tulirudisha meza mahali pake, tukaondoka.